Kitabu Hiki Nimpe Nani? Maswali na Majibu ya Wasomaji

Leo ni siku ya nne Moshi hatujauona mlima. Ni baridi ya Julai, wingu limelala hadi kwenye mabati, na nadhani ndiyo sababu maswali yamekuwa mengi, maana watu wako ndani wanasoma. Nimechagua haya saba.

Shikamoo mwalimu. Kitabu cha mwisho kukimaliza nilikisoma kidato cha nne, na kilikuwa cha mtihani. Sasa nina miaka 34, nauza vitenge, na jioni nimechoshwa na simu. Nianze na kipi? (Msomaji wa Majengo, Moshi)

Marahaba mwanangu. Vile vya mtihani tulivisoma kalamu ikiwa mkononi: dhamira, wahusika, taja hoja sita. Nimefundisha hivyo miaka mingi, na nimewaona wanafunzi wakiondoka shuleni wakidhani kitabu ni kitu cha kujibiwa. Kwa hiyo anza na kile ambacho hakuna atakayekuuliza hoja zake.

Anza na Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichotoka 1960. Maiti inakutwa mzimuni, kila mtu ana lake la kusema, na katikati yao yuko Bwana Msa na kiko chake, mtulivu, akitazama vitu ambavyo wenzake wamevipita. Kiswahili chake ni cha Unguja, na yapo maneno hutayajua. Yapite. Ukisimama kila neno kufungua kamusi utarudi shuleni.

Ukikimaliza, chukua Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, ya 1999. Yasmini ni binti wa Kihindi aliyeozwa mume mzee, hapo Unguja enzi za mkoloni, na hakubali maisha yake yaishie hapo. Kama umeiona filamu ya 2021, soma hata hivyo. Ila usianze na Nagona ya Kezilahabi, hata mtu akusifie vipi. Ni kitabu kikubwa, lakini kinamtaka msomaji ambaye miguu yake imeshazoea njia. Wewe ndiyo kwanza unavaa viatu.

Halafu simu iache ichaji chumba kingine. Hilo nalisema kwa uzoefu.

Mwalimu, nilisoma Paradise ya Abdulrazak Gurnah kwa Kiingereza nikaipenda sana. Kuna haja ya kuisoma tena kwa Kiswahili? (Msomaji wa Njiro, Arusha)

Ipo, tena kubwa. Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, ilitolewa na Mkuki na Nyota 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Nobeli. Yusufu ana miaka kumi na miwili anapopandishwa treni na tajiri Aziz, mtu aliyefundishwa kumwita ami. Kumbe amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Kwa Kiingereza jambo hilo linataka maelezo. Kwetu neno rehani halihitaji kusindikizwa. Wengi wetu tumewahi kusikia nyumbani kwamba baiskeli ya fulani iko rehani, au shamba. Ukilisikia neno hilo hilo likisemwa juu ya mtoto, mwili unasisimka kabla akili haijafika.

Kisha sehemu ya pili inatokea kwenye mji ulio chini ya mlima. Niliisoma barazani kwangu Rau, asubuhi ya Januari ambayo Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ilikuwa wazi kabisa, na nilikuwa nikisoma aya, nainua macho, nasoma aya.

Nimerudia riwaya niliyoipenda nikiwa shule, nimeiona nyingine kabisa. Ni mimi au ni kitabu? (Msomaji wa Sakina, Arusha)

Ni wewe, na ungekuwa umesimama pale pale ningekuonea huruma.

Nikueleze yangu. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka 1971, ikapigwa marufuku shuleni kwa muda. Mara ya kwanza niliisoma nina miaka kumi na saba, bwenini, nakala isiyo na jalada ambayo ilikuwa ikihama godoro moja hadi jingine. Niliisoma kwa ajili ya Rosa. Anaandikiwa barua na kijana, baba yake Zakaria anaikamata, anampiga. Nilimchukia Zakaria kwa moyo wote, nikaona nimeshaielewa riwaya.

Nilipokwenda chuo cha ualimu nilinunua nakala yangu. Ninayo bado, kurasa zake zimekuwa rangi ya chai. Miaka minne iliyopita binti yangu alipofika umri ule ule wa kumi na saba, nikaitoa kabatini. Pembeni mwa ukurasa wa ile barua nikakuta mwandiko wangu wa penseli, herufi za mwalimu mwanafunzi, zimepangwa vizuri: "Malezi mabaya (hoja ya 1)."

Nilikaa na ukurasa ule muda mrefu. Mtoto anapigwa mbele ya mama yake, na mimi nimeweka namba. Ndipo nikaanza kumtafuta huyo mama. Regina yumo ndani ya riwaya tangu mwanzo, anapika, anafunga mlango, naye anapigwa, anabaki katikati ya mume mlevi na mabinti. Nilikuwa nimeisoma riwaya hii mara mbili na sikuweza kukumbuka sentensi hata moja inayomhusu. Safari hii nilimsoma yeye tu. Nilipofika mwisho nilimpigia binti yangu simu shuleni, kupitia matroni, nikamuuliza kama amekula.

Penseli ile sikuifuta. Chini yake nimeandika tarehe mpya na jina moja: Regina. Nakushauri nawe ufanye hivyo. Kila umalizapo kitabu andika mwaka ndani ya jalada, na jina la mtu uliyemsoma safari hiyo.

Jambo moja kwa wote wanaopenda kupendekeza riwaya hii: ni nzito hadi ukurasa wa mwisho. Mfikirie unayempa na hali aliyo nayo sasa. Kama anapita kwenye giza, mpe nyingine kwanza, hii itamsubiri.

Shikamoo mama. Naendesha boda, kijiwe chetu kiko karibu na soko la Kilombero. Nikifungua kitabu, abiria anaita. (Msomaji wa Arusha)

Marahaba baba. Wewe unataka tamthilia. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, 1969, inaingia mfuko wa koti, na inahusu vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907: mtu anasema neno, neno linamponyoka, watu wanalichukua na kwenda nalo vitani. Ukikatishwa na abiria unarudi kwenye jina la msemaji, unaendelea.

Na usiisome peke yako. Mko wangapi kijiweni, sita? Gawaneni wahusika. Tamthilia iliandikwa isemwe kwa sauti, na watu wa kijiweni mna sauti.

Nimezaliwa Dar, babu yangu ni wa Marangu. Nikienda kwetu Desemba nakaa kama mgeni. Kuna kitabu cha Kiswahili kitakachonifundisha? (Msomaji, Dar es Salaam)

Kipo, na mwandishi wake ni wa huko huko kwenu. Petro Itosi Marealle, wa ukoo wa mangi, yaani chifu, wa Marangu, aliandika Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera, kilichotoka 1947. Mkuki na Nyota walikichapa upya 2002. Kinamchukua mtu tangu kuzaliwa hadi kufa, na baada ya hapo.

Ila usikisome ukakirudisha kabatini ukasema sasa nimejua. Mimi nilikibeba kwenda Kibosho kwa mama mkwe wangu. Alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya jiko, anamenya ndizi za kiburu, nami namsomea kwa sauti. Sehemu ya kwanza alikuwa akitikisa kichwa tu, mm, mm. Tulipofika kwenye mambo ya posa, kisu kikasimama.

"Hayo ni ya Vunjo, huko Marangu. Sisi hatukuposa hivyo."

Akaanza kueleza. Nani alitangulia kwenda, nani alibeba mbege, mlangoni kulisemwa nini, na nani katika ukoo wao alirudishwa na pombe yake akalala njiani. Ndizi zilianza kuwa nyeusi kwenye sufuria ambayo haikuwa na maji. Nimekaa katika ukoo ule miaka ishirini, nimemuuliza mambo ya zamani mara nyingi, jibu lilikuwa "zamani ilikuwa zamani." Alihitaji kitu cha kubishana nacho, na mzee Marealle akampa.

Kwa hiyo Desemba nenda na kitabu na penseli. Msomee babu. Akikuambia kimekosea, andika pembeni alichosema, na tarehe.

Kila masika vitabu vyangu vinaota kuvu. (Msomaji wa Shanty Town, Moshi)

Sogeza kabati lisiguse ukuta, uache nafasi ya upana wa kiganja, na usivibane vitabu, hewa ipite. Chenye kuvu kitenge na wenzake, kipeleke nje, kisimamishe wazi kivulini penye upepo hadi kikauke, ndipo ukisugue kwa brashi laini kavu. Kitambaa chenye maji hapana. Jua kali nalo hapana, linakausha gundi na kurasa zinaachia. Na toa mifuko ya nailoni, najua unadhani inavikinga, lakini unyevu unafungiwa humo humo. Fanya haya Februari, kabla mvua za Machi hazijaanza.

Mwalimu, rafiki yangu ana vitabu vyangu vinne, mwaka wa pili huu. Nimdai vipi tusigombane? Na je, niache kuazimisha? (Msomaji wa Soweto, Moshi)

Mdai kwa kuuliza kitabu, usimuulize deni. "Ulifika wapi? Yule mzee alikuudhi?" Kama alikisoma mtaongea, na kitarudi chenyewe. Kama hakukisoma atakurudishia kwa aibu ya kutokuwa na jibu. Siku hiyo utajua pia kwamba ulimpa kitabu ambacho hakikuwa chake, na hilo ni lako, si lake.

Usiache kuazimisha. Vitabu vyetu vingi huchapwa nakala chache, vikiisha dukani vimeisha, na maktaba ya mkoa, ingawa ni pa kwanza pa kuuliza hapa Moshi na Arusha pia, haiwezi kuwa na kila kitu. Kilichobaki kinaishi majumbani kwetu. Nunua daftari. Langu lina safu nne: jina la kitabu, jina la mtu, tarehe. Safu ya nne, ya kurudi, ninaijaza kwa kalamu nyekundu.

Kwenye daftari hilo kuna mstari wa 2015 ambao nilikuwa nimeshaukatia tamaa. Nilimwazimisha mwalimu mwenzangu Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, kile kitabu kinene cha Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Kitereza alikimaliza kukiandika kwa Kikerewe 1945, hakikupata mchapaji, akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, kikatoka 1980. Yeye akafariki 1981. Mwenzangu akahamishwa, kitabu kikaenda naye, nikanyamaza.

Mwezi wa tano mwaka huu kijana alibisha hodi. Ametoka Himo, amekishika kitabu changu kimefungwa kwenye gazeti. Yule mwalimu alikuwa amemwachia mama wa kijana huyu, mama akakisoma, ameona jina langu ndani ya jalada, akamtuma akirudishe kwa mwenyewe. Nikamkaribisha chai. Nilipokifungua nikaona tiketi ya basi katikati ya kurasa. Nikamuuliza ni ya mama? Akasema hapana, ni yake, alikuwa anasoma njiani, amefika pale.

Nikaleta daftari. Nikajaza safu ya nne kwa kalamu nyekundu, nikashuka mstari, nikaandika jina lake na tarehe ya siku ile, nikamrudishia kitabu na tiketi yake ikiwa palepale.