Shangazi Mkunga anajibu: "Mama mkwe anasema maziwa yangu hayamshibishi mtoto"

*Shikamoo shangazi. Mi ni mzazi wa mara ya kwanza, nipo Mbagala, mwanangu ana wiki tatu. Ikifika jioni analia hatulii, namnyonyesha anaachia, muda si mrefu anataka tena, na matiti ambayo mwanzo yalijaa mpaka yanauma sa hivi yamelegea kabisa. Mama mkwe anasema maziwa yangu mepesi hayamshibishi, anataka tumpe ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji, na maji ya kunywa pia maana joto la huku unalijua. Alizaliwa na kilo 3.1, siku ya saba kliniki akawa na 3.0, hapo ndo mama mkwe akapata nguvu zaidi. Chuchu nazo zimechanika, akianza kunyonya natoa machozi. Nifanyeje?*

Marahaba mwanangu, na hongera sana kwa uzazi. Nimesoma ujumbe wako mara mbili na sijaona dalili ya maziwa kutotosha, nachoona ni mtoto anayekamata titi vibaya na mama aliyechoka anayeambiwa maneno ya kumvunja moyo.

Tuanze na kilo maana hizo ndo zimewatisha. Karibu kila mtoto anapungua siku za kwanza, anatoa kinyesi kile cheusi na maji aliyozaliwa nayo, na kupungua mpaka asilimia 7 hivi ni kawaida, ikifika 10 ndo tunaanza kuuliza maswali. Kwa kilo 3.1, kupungua gramu 100 haifiki hata asilimia 4. Tunachotaka ni awe amerudi kwenye uzito wa kuzaliwa akifikisha wiki mbili, halafu aongeze kama gramu 150 mpaka 200 kwa wiki. Kwa hiyo wiki hii hii nenda kliniki apimwe tena, mizani itamaliza mjadala wote hapo nyumbani, na nenda na mama mkwe asikie mwenyewe kutoka kwa nesi.

Nyumbani we hesabu nepi. Kuanzia siku ya tano mtoto anayeshiba analowanisha nepi sita au zaidi kwa saa 24, mkojo hauna rangi kali, na kinyesi kinakuwa cha njano laini. Ukiona hivyo maziwa yanaingia, hata kama jioni analia. Watoto wengi wa wiki mbili tatu wana kilio cha jioni na wanataka titi kila saa, hapo ndo wanaongeza oda ya maziwa, kadiri anavyonyonya ndo mwili unatengeneza mengi zaidi, sasa ukimpa kopo la maziwa ya ng'ombe atalala, hatonyonya, na kesho yake titi litatoa pungufu kweli. Hivyo ndivyo wengi wanapoteza maziwa wakiamini hawakuwa nayo tangu mwanzo! Na matiti kulegea wiki ya tatu ni mwili umeshajua mtoto anataka kiasi gani.

Kuhusu wepesi, yanayotoka mwanzo wa kunyonya ni mepesi kweli, yanakata kiu, na yanayofuata yana mafuta zaidi. Mwache amalize titi moja mpaka aachie mwenyewe ndo umpe la pili. Joto la Dar lisikutishe, zaidi ya asilimia 80 ya maziwa yako ni maji, mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji tone lingine hata Januari na Februari, akiwa na kiu mpe titi. Maji ya nje yanajaza katumbo bure na ndo mlango wa kuharisha. Ya ng'ombe nayo yana protini na chumvi nyingi kuliko figo za mtoto mchanga zinavyoweza, na ukiyachanganya na maji unampunguzia chakula.

Sasa hizo chuchu. Kunyonyesha hakutakiwi kukutoa machozi, ukilia kila mara ujue anavuta ncha tu. Kaa mgongo uegemee, mlaze mtoto ubavu tumbo lake ligusane na la kwako, kichwa na mwili viwe mstari mmoja, asigeuze shingo. Pua yake iwe mkabala na chuchu, mguse nayo mdomo wa juu, halafu SUBIRI mpaka apanue mdomo kama anapiga miayo, hapo msogeze yeye kwenye titi, usiinamishe titi kwake. Akikamata vizuri kidevu kinagusa titi, mdomo wa chini umebinuka kwa nje, na ule weusi wa kuzunguka chuchu unaonekana zaidi juu ya mdomo kuliko chini. Mashavu yanakuwa yamejaa, na utamsikia akimeza taratibu. Ikiuma baada ya mivuto ya mwanzo usivumilie, ingiza kidole chako kidogo pembeni ya mdomo aachie, muanze upya, hata mara tano. Ukimaliza pakaza tone la maziwa yako kwenye chuchu, liache likauke. Titi likiwa jekundu, gumu, la moto na wewe una homa nenda hospitali siku hiyo hiyo, na usiache kulinyonyesha.

Mama mkwe mpe kazi, nakuambia kwa upendo. Abebe mtoto jioni, ambeulishe, apike mtori na uji wa pilipili manga, we ulale. Anampenda mjukuu wake, na kipindi chake ndo alivyofundishwa.

*Shangazi, bibi yangu amekuja kutoka kijijini kunilea uzazi. Anaweka majivu na mafuta ya nazi kwenye kitovu cha mtoto ili kikauke haraka, na anasema kikidondokea sehemu za siri mtoto wangu wa kiume hatakuwa mwanaume kamili. Naogopa hata kumbadilisha nepi. Mtoto ana siku tano.*

Bibi wa uzazi ni baraka, mwambie namsalimia. Lakini majivu hapana, mafuta hapana, mate, vumbi, kinyesi cha ng'ombe, vyote hapana. Pale kitovu kilipokatwa ni kidonda kibichi na vijidudu vinapita hapo kwenda kwenye damu, pepopunda pia inapitia hapo. Kiache kikavu na wazi, nepi uikunje ikae chini yake, nawa mikono kwa sabuni kabla hujamgusa, na ukipewa dawa ya kupaka kliniki tumia hiyo tu. Wengi kinadondoka kati ya wiki ya kwanza na ya pili, usikivute hata kama kimebaki kinaning'inia.

Na kikidondokea popote, mguuni, kwenye nepi, huko kwenye sehemu za siri, hakifanyi kitu chochote. Ni kipande cha nyama iliyokufa, hakina mishipa inayokwenda kwenye uume. Kuna mama wanakaa macho usiku kucha kulinda kitovu, jamani, lala.

Macho yako yaweke kwenye mambo haya: ngozi ya kuzunguka kitovu kuwa nyekundu, usaha, harufu mbaya au damu inayotoka. Pia mtoto akikataa kunyonya, akilegea hashtuki, akipumua haraka kuanzia mara 60 kwa dakika au kifua kinabonyea ndani, akipata degedege, akiwa wa moto kuanzia nyuzi 37.5 au wa baridi isiyo ya kawaida, akiwa wa njano ndani ya saa 24 za kwanza au njano imefika viganjani na kwenye nyayo. Hapo usisubiri asubuhi na usimpeleke kuota jua ukidhani litaondoa hiyo njano, beba mtoto uende hospitali usiku huo huo.

*Habari shangazi. Naishi na VVU, nameza dawa vizuri tangu ujauzito. Nimejifungua juzi, rafiki yangu ananiambia nisinyonyeshe nitamuua mtoto, mwingine ananiambia nichanganye na maziwa ya kopo ili asipate mengi ya kwangu. Nalia tu.*

Futa machozi mama, unyonyeshe. Dawa unazomeza zinashusha virusi mpaka hatari ya kumwambukiza mtoto inakuwa ndogo sana, ndo maana Shirika la Afya Duniani linasema mama anayetumia ARV vizuri anyonyeshe maziwa yake peke yake miezi sita, kisha aongeze chakula huku anaendelea kunyonyesha, hata mpaka miaka miwili au zaidi. Huo ushauri wa kuchanganya ndo usiufuate, vyakula na maziwa mengine mapema vinamchubua utumbo mtoto na kumletea kuharisha.

Dawa usiruke hata siku moja, mtoto apewe ile dawa yake ya maji uliyoandikiwa, na karibu na wiki ya sita mpeleke achukuliwe damu ya kisigino apimwe. Chuchu zikichanika au titi likivimba wahi kliniki mapema kuliko mama mwingine yeyote. Na uliza kipimo chako cha wingi wa virusi ni lini, ni haki yako kujua.

*Shangazi, likizo inaisha, kazini wananiambia habari ya kunyonyesha sio shida yao. Mtoto ana miezi mitatu. Nimwanzishie uji?*

Uji bado, mpaka miezi sita. Sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakupa likizo ya uzazi siku 84, na siku 100 ukizaa zaidi ya mmoja, na ukirudi kazini unaruhusiwa mpaka saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Waandikie barua ya kiungwana utaje sheria hiyo, ubaki na nakala.

Anza kukamua sasa hivi, usisubiri siku ya kurudi. Nawa mikono, kanda titi taratibu, weka dole gumba juu na vidole vingine chini nyuma kidogo ya ule weusi, sukuma kuelekea kifuani halafu bana, usivute chuchu. Maziwa yanakaa nje saa 4 kama chumba hakizidi nyuzi 25, kwa joto la Pwani usifikishe hizo, kwenye friji siku 4, na safarini tumia kindoo cha barafu. Kupasha weka kikombe ndani ya bakuli la maji ya moto, usichemshe. Mfundishe dada wa nyumbani kumnywesha kwa kikombe kidogo, chupa ni ngumu kuisafisha vizuri na watoto wengine wakiizoea wanalikataa titi.

*Shikamoo shangazi, mi ni baba. Wazee wanasema nikirudi kwa mke wangu wakati ananyonyesha tutambemenda mtoto. Ni kweli?*

Marahaba baba, na asante kwa kuuliza wewe mwenyewe. Mbegu za kiume haziingii kwenye maziwa, tendo la ndoa halimdhuru mtoto. Ila wazee kuna kitu walikiona: mama akishika mimba nyingine haraka mtoto anaachishwa ziwa kabla ya wakati, anakonda, anaugua, wakaita kubemenda. Kilichomwangusha ni kukosa maziwa na chakula.

Kwa hiyo msubiri mkeo apone, wengi inachukua kama wiki sita, na asikie yuko tayari yeye mwenyewe. Kunyonyesha kunazuia mimba kwa zaidi ya asilimia 98 pale tu mambo matatu yakiwepo kwa pamoja: mtoto hajafika miezi sita, hedhi haijarudi, na ananyonya maziwa ya mama peke yake usiku na mchana. Moja likikosekana mtafute njia nyingine, na vidonge vile vyenye homoni mbili avisubirishe mpaka mtoto apite miezi sita, vinaweza kupunguza maziwa, kondomu na njia zingine zipo. Wiki ya sita mtoto anakwenda kupata chanjo, nenda nao na wewe, mkimaliza kwenye chanjo ingieni wote wawili chumba cha uzazi wa mpango.