Kabla ya kumwaga jamvi, shika kifusi mkononi

Sakafu ya chumba cha mama yangu, Tanga, ilianza kulia kama debe tupu kabla nyumba haijatimiza mwaka. Nilipiga vigae kwa ufunguo, kimoja kimoja, kuanzia mlangoni. Sauti ilikuwa nzito na fupi, kisha karibu na ukuta wa nyuma ikabadilika. Masika yalipokolea jamvi, yaani zege la sakafu, lilipasuka kutoka kona hadi kona, na kati ya sakafu na ukuta pakaingia wembe, baadaye kidole. Zege lilikuwa zuri. Kilichoshuka ni kifusi cha chini yake, yaani kile cha kujazia msingi, nacho nilikinunua na kukisimamia mimi mwenyewe.

Nilijaza sentimita 90 za mchanga laini wenye unyevu, tipa baada ya tipa, tukasawazisha kwa machepe na kunyunyiza maji. Vijana wakaukanyaga na kuupiga kwa gogo. Juu ulionekana mgumu kabisa. Tangu hapo nimesimamia misingi mingi, na kila mara naanza na punje kabla sijauliza bei ya saruji.

Mchanga wenye unyevu kidogo una tabia ya kudanganya. Kati ya punje na punje hukaa utando mwembamba wa maji unaozishikanisha. Ndio unaowawezesha watoto kujenga vijumba ufukweni. Lakini punje hizo hazijakaa, zimeegemeana tu na kuacha matundu. Jaza ndoo mchanga mkavu, uimwage chini, unyunyizie maji kiasi na kuugeuza kwa koleo, halafu jaribu kuurudisha: hautaenea. Mchanga laini unaweza kuvimba kwa robo ya ujazo wake, wakati mwingine zaidi. Maji yakija mengi ule utando unapotea, punje zinaachiana, zinaporomokea kwenye matundu yaliyokuwa chini yake. Paa la mama halikuwa na mifereji. Mvua yote ilimwagika pembeni ya msingi.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hatulifikirii. Uzito wa sakafu na vilivyo juu yake haupiti kwenye kifusi sawasawa kila mahali. Unapita punje kwa punje, kwa njia chache zilizoungana kama pingili za mnyororo. Punje moja imebeba mzigo mkubwa, na jirani yake karibu haijabeba kitu. Njia moja ikikatika, mzigo hutafuta nyingine, na katika kutafuta huko sakafu inashuka. Kwa hiyo namna punje zinavyogusana ina uzito sawa na ugumu wa punje zenyewe. Chukua konzi ya mchanga wa mtoni na konzi ya vumbi la kokoto, usugue kila moja kiganjani. Ule wa mtoni umeviringwa na maji, unateleza. Vumbi la kokoto lina kona, linauma ngozi. Kona hizo ndizo zinazokabana chini ya jamvi.

Ukiwa ufukweni maji yakishakupwa, kanyaga mchanga mgumu uliolowa utazame pembeni ya unyayo: unapauka ghafla kana kwamba umekauka. Osborne Reynolds, mwanasayansi wa Uingereza, alilieleza jambo hili mwaka 1885. Punje zilizobanana vizuri haziwezi kusogea mpaka zipandane, na zikipandana nafasi kati yake zinapanuka, maji ya juu yanavutwa ndani. Ule ukaidi wa kupandana ndio nguvu unayoinunua unapolipia kushindilia. Mchanga uliolegea hauna ukaidi huo. Ukisukumwa unajikunja tu.

Usinunue kifusi chenye punje za saizi moja ukiwa na njia nyingine. Angalia machungwa yanavyopangwa sokoni: huo ndio mpango bora kuliko wote kwa mipira inayolingana, na bado karibu asilimia 26 ni nafasi tupu. Ukiyamwaga ovyo kwenye tenga na kulitikisa sana, inabaki kama asilimia 36. Nafasi hiyo haijazwi kwa nguvu za mikono, inajazwa na punje ndogo zaidi. Ndiyo maana napenda moramu nzuri: ina changarawe, ina mchanga kati ya changarawe, ina udongo kidogo kati ya mchanga. Nasema kidogo. Ukishika ikanata kama ufinyanzi, irudishe, maana itavimba masika na kupasuka kiangazi.

Unyevu wa moramu naupima kwa ngumi. Minya konzi moja: ifanye bonge, isiloweshe kiganja, na ukiiangusha ivunjike vipande vichache. Ikisambaratika kama unga ongeza maji, ikiwa rojo kama uji isubiri jua. Ralph Proctor alionyesha huko California mwaka 1933 kwamba kila udongo una kiwango chake cha maji ambapo unashindilika kuliko viwango vingine vyote. Ngumi inakusogeza karibu na kiwango hicho.

Mwaga tabaka la sentimita 15, shindilia, ndipo umwage jingine. Usikubali fundi akikuambia atashindilia mwisho. Nguvu ya gogo haifiki mbali, punje za juu zinaimeza. Kwa moramu kodi kompakta, mashine ya kushindilia, ile inayorukaruka; kwa mchanga, ile yenye bamba pana inayotetema, kwa kuwa punje za mchanga zinahitaji kutikiswa ndipo ziangukie mahali pake.

Chumba cha mama tulikivunja. Tulitoa mchanga wote, tukajaza moramu tabaka sita kwa siku nne. Kila tabaka nilichomeka nondo ya milimita 12 kwa mkono katika kona zote na katikati. Tabaka la tatu, kona ya nyuma, nondo ilizama kwa ulaini hadi kwenye kifundo cha mkono, kwa sababu mashine haikufika pale ukutani. Tulifukua sehemu hiyo tukairudia kwa mkono, kidogo kidogo, mpaka nondo ikagoma. Mifereji ya paa ilifungwa kabla ya zege jipya kumwagwa.