Ukienda kulima Umatengo, tembea kwanza

Msimu wangu wa kwanza Mbinga, milimani kwa Wamatengo kusini mwa Tanzania, nililima nilivyozoea kwetu. Nilikodi ekari moja mlimani, nikapiga matuta marefu ya kushuka mteremko, nikapanda mahindi. Mvua za Januari zikayapasua matuta, udongo ukaishia korongoni pamoja na mbolea niliyoikopa. Shamba la jirani, mteremko uleule, lilibaki vilevile.

Jirani alikuwa bibi mmoja anayelima kwa ngoro, yaani mashimo yaliyozungukwa na kingo za udongo. Nikamwamkia, nikamwomba anifundishe. "Marahaba mjukuu wangu. Subiri Machi."

Machi wanaume hufyeka nyasi, zikinyauka zinapangwa kwa mistari inayokatana hadi mlima unajaa miraba. Wanawake huingia na majembe, huchimba katikati ya kila mraba na kwa udongo huo huzifukia nyasi. Kwa mbali utadhani sega la nyuki. Maharage hupandwa juu ya kingo. Mvua ikinyesha, kila shimo hudaka maji yake na udongo wake, nyasi chini zinaoza, na magugu ya palizi hutupwa humohumo. Kuelekea mwisho wa mwaka mahindi hufuata kwenye kingo hizohizo. Yakishavunwa, shamba hupumzika, na ngoro mpya huchimbwa pale kingo za zamani zilipokutana.

Wazee husimulia kwamba vita vya Wangoni, karne ya 19, viliwabana mababu zao milimani. Ardhi ilikuwa kidogo, ikabidi kuitunza. Kwa hiyo usifike na utaalamu wako ukayafukia mashimo yale. Na ukiweka vibarua, walipe akina mama vizuri, maana kuchimba ngoro ndiyo kazi nzito kuliko zote na iko mikononi mwao.

Jingine: kabla ya kukodi, uliza ntambo ni ya nani. Ntambo ni mgongo wa mlima kati ya vijito viwili, na kwa desturi hushikwa na ukoo. Mimi nilielewana na kaka mmoja tu, wenzake wakaja kusikia jembe likiwa tayari shambani. Tulipatanishwa na wazee, lakini ilinichukua muda mrefu kuaminiwa tena. Anza kwa mzee wa ukoo, kaa, kula naye, ndipo useme shida yako.

Mwaka uliofuata bibi alinichimbia mstari wa kwanza, nikaendelea mwenyewe mpaka jioni. Julai niling'oa maharage, na nilipotia mkono shimoni udongo ulikuwa bado na unyevu.