Swali la lugha: "#matangazo imefungwa" au "yamefungwa"?

SWALI: Katika programu ya gumzo tunayotumia kazini, ukiandika alama ya reli (#) kisha jina la chaneli, yaani chumba cha mazungumzo ndani ya programu, jina hilo hugeuka kiungo, na mtu akilibonyeza anafika huko. Juzi niliandika "#matangazo imefungwa", mwenzangu akanisahihisha: "yamefungwa". Nani kakosea? Na kitendo chenyewe, tuseme kutaja chaneli au kutagi?

JIBU: Wewe ndiye uliyepatia. Reli ikishatangulia, "matangazo" huwa jina la kitu kimoja, yaani chaneli, na chaneli iko katika ngeli ya I-ZI. Neno "chaneli" hukuliandika, lakini ndilo linalotawala kitenzi. Watangazaji wa mpira wanalifanya hili kila siku: simba wa porini ameshinda, ila timu ikiitwa Simba, Simba imeshinda.

Mwenzako alifuata sikio, wala simlaumu, maana "matangazo yamefungwa" ni Kiswahili safi. Tatizo ni kwamba linasema jambo jingine. Chukua chaneli iitwayo #wageni. Ukiandika "#wageni wamehamishwa", msomaji ataanza kujiuliza hao watu wamepelekwa wapi. "#wageni imehamishwa" haina utata. Ukiona sentensi bado inakwaruza, weka nomino mbele: "chaneli ya #wageni imehamishwa". Mimi hufanya hivyo karibu kila mara, hasa ninapowaandikia watu wapya.

Jambo jingine: jina lililo baada ya reli halinyambuliwi. Katika maandishi ya kawaida tunasema "mapokezini", lakini ukiandika "#mapokezini" programu itatafuta chaneli yenye jina hilo, isiione, na kiungo hakitatokea. Andika "uliza katika #mapokezi". Tena chaneli haimo katika KI-VI, ingawa inaanza na ch- kama chakula na chombo. Ch- hiyo ni ya shina, sawa na chupa: chupa hii, chupa hizi, chaneli hii, chaneli hizi.

Sasa kitenzi. "Kutagi" limeshazoeleka na sioni sababu ya kulipiga vita, mradi irabu ya mwisho ibaki i: nimemtagi, nimetagiwa. Nimeshaona "amenitaga" na "nimetagwa", na hapo tumeingia kwa kuku na mayai yake. Hata hivyo, "kutaja" napenda zaidi, kwa sababu linakubali minyambuliko yote bila kusukumwa. Nimeitaja chaneli. Chaneli imetajwa. Na nomino yake, mtajo, wingi mitajo, imeundwa kama msemo kutoka sema na mchezo kutoka cheza.

Uzuri wake hasa uko katika "tajia". Mtu anauliza aombe wapi likizo, nawe unajibu: "Andika katika #likizo." Hapo hukuitaja chaneli tu, umemtajia, yaani umempa jina ili apate pa kwenda. Kiambishi kimoja kimebeba kusudi lote la kile kiungo.

Ila usichanganye kuitaja chaneli na kuwaita waliomo. Kwenye programu ya gumzo ya Slack, kwa mfano, #mauzo ni kiungo tu, hakimshtui mtu. Ukiandika @channel ukiwa ndani ya chaneli hiyo, wanachama wake hupelekewa taarifa. Kwa hiyo cha kwanza ni "nimeitaja #mauzo", cha pili ni "nimewaita watu wa #mauzo". Ukimwambia mkuu wako "nimetagi mauzo", hatajua kama umeonyesha njia au umewaita watu wote waje.