Maswali ya Gari: Stata yalia “tak”, halafu kimya

SWALI: Asalaam aleikum mafundi. Nina Corolla AE100 ya mwaka 1994, otomatiki, injini 5A-FE. Asubuhi huwaka vizuri. Nikizima juani kwenye foleni ya feri Likoni kisha niwashe tena, stata hulia “tak” moja tu, basi. Likipoa, huwaka. Nimenunua betri mpya na tatizo liko pale pale. Sasa fundi asema ninunue stata nzima.
Msomaji, Mtongwe

JIBU: Waaleikum salaam. Hiyo stata usiinunue bado. “Tak” moja nzito maana yake solenoidi, swichi ya sumaku iliyo juu ya stata, imevuta, ila umeme mkubwa haufiki kwenye mota. Betri ingekuwa imeisha ungesikia tak-tak-tak za haraka, na taa za dashibodi zingefifia. Ingekuwa kimya kabisa, tungekwambia uweke gea kwenye N (nyutro) ujaribu tena, maana swichi ya gea nayo huchakaa.

Azima multimita, weka volti 20 za DC, na upime wakati gari limegoma, likiwa moto. Ukipima limepoa utapata majibu mazuri ya uongo.

Betri iliyojaa, ikiwa imetulia, husoma 12.6, ikisoma 12.2 imebaki nusu. Mtu ashike ufunguo kwenye nafasi ya kuwasha, wewe ukiangalia mita. Ikishuka chini ya 9.6, betri ikapimwe, mpya au si mpya. Ikibaki juu ya 12 na stata haizunguki, kuna mahali umeme umekatika.

Anza na ethi, yaani njia ya hasi kutoka betri hadi chuma cha injini. Ncha moja ya mita iguse nguzo ya hasi yenyewe, si terminali iliyoivaa, kwa sababu ubovu mara nyingi uko baina ya hizo mbili. Ncha ya pili iguse chuma safi cha injini. Ufunguo ukishikwa, mita ikisoma zaidi ya 0.2, ethi ni mbovu. Kwetu pwani hewa ya chumvi hula nyaya hizi kimyakimya. Fungua terminali kwa spana namba 10, hasi kwanza, na ukirudisha iwe ya mwisho. Ule unga mweupe uoshe kwa kijiko cha magadi katika kikombe cha maji, bila kuingiza maji ndani ya betri, kisha piga msasa hadi risasi ing'ae. Chuna gome la waya kidogo karibu na ncha zake: shaba ikiwa nyeusi au kijani, badilisha waya wote. Grisi haifufui waya uliooza.

Upande wa chanya, pima kutoka nguzo ya betri hadi boliti kubwa ya stata inayopokea waya huo, isizidi 0.5. Halafu waya mwembamba wa solenoidi: ukipata chini ya volti 8 ufunguo ukiwa umeshikwa, swichi ya ufunguo imechoka, na rilei, swichi ya umeme ya kubeba mzigo badala yake, itakutosha.

Yote yakiwa sawa, twashuku vipande viwili vya shaba ndani ya solenoidi, ugonjwa maarufu wa stata hizi za Denso. Cha upande wa betri huliwa kwanza. Joto likipanda, koili ya solenoidi huvuta kwa nguvu ndogo, na shaba iliyolika haiguswi vizuri. Toa waya wa hasi, shusha stata, fungua kifuniko cha nyuma cha solenoidi, badilisha vyote viwili pamoja. Hakikisha kisahani cha shaba kinachoviunganisha kinavigusa kwa wakati mmoja. Ukiwa humo, kagua na kaboni brashi.

SWALI: Pikapu yangu ya Nissan ina kabureta. Ikiwa moto, stata yazunguka vizuri lakini injini haishiki hadi ingoje kama dakika 20.
Msomaji, Kisauni

JIBU: Stata haina kosa. Papo hapo inapogoma, chomeka plagi ya akiba kwenye waya wa plagi, ilaze kwenye chuma cha injini, mbali na petroli, na uzungushe. Cheche ya buluu ni nzuri. Ikiwa ya manjano na nyembamba, au haipo, shuku koili ya cheche. Cheche ikiwa nzuri, zima, toa kifuniko cha hewa na uvute throtli kwa mkono ukichungulia kabureta. Isiporusha petroli, imechemka ikakauka: tafuta bomba la petroli lililolala karibu na ekzosi, au gasiketi nene ya chini ya kabureta iliyotolewa ikawekwa ya karatasi. Ikiwa imelowa na yanuka, imefurika. Kanyaga mafuta hadi chini, usipigepige, zungusha sekunde zisizozidi 10, pumzisha stata nusu dakika.

SWALI: Je, otomatiki yaweza kuwaka kwa kusukumwa?
Msomaji, Changamwe

JIBU: La. Pampu ya oili ya giaboksi huzungushwa na injini. Injini ikiwa imezima hakuna presha ya kushika klachi za ndani ya giaboksi. Tumia nyaya za kujampu, na ule mweusi wa mwisho ufunge kwenye chuma cha injini, mbali na betri, maana betri hutoa gesi inayoshika moto.