Jirani wa ukuta mmoja, safari ya dakika ishirini na tano

SWALI: Ninaishi Goba, Dar es Salaam. Redio ya jirani wa nyuma ya ukuta naisikia neno kwa neno, lakini alipofiwa ilinibidi nitoke hadi barabara kubwa na kuingilia kichochoro kingine, mwendo wa dakika ishirini na tano, ili nikampe pole. Nilikulia Kariakoo na huko sikuwahi kukwama hivi. Je, jiji likikua ni lazima njia zizibe? (Msomaji, Goba)

JIBU: Pole kwa mizunguko hiyo. Si lazima zizibe. Kariakoo ilipimwa kwanza, ikajengwa baadaye: enzi za ukoloni ilichorwa mitaa inayokatana, na ndiyo maana Mtaa wa Kongo ukifurika wachuuzi unachepukia Sikukuu bila taabu. Nyumba za udongo zimepisha maghorofa, ilhali njia panda zimebaki palepale.

Kwenu mambo yalikwenda kinyume. Jiji lililokuwa na watu wapatao milioni 2.5 katika sensa ya 2002 lilifikia milioni 5.38 mwaka 2022, na pembezoni wengi walinunua vipande vya mashamba. Mwenye shamba alipouza kipande cha kwanza aliacha njia ya kukifikia, alipouza cha pili akairefusha, na alipofika mpakani njia ikafia hapo, kwa kuwa hakuna aliyekubali kutoa ardhi yake bure ili mteja wa mwenzake apite. Mjumbe wa nyumba kumi alishuhudia mauziano. Njia inatokea wapi, hakuulizwa.

Wataalamu wa mipango miji hulinganisha umbali wa kutembea na ule wa mstari ulionyooka. Hatua zako chache zimegeuka kilometa mbili hivi, tena kupitia barabara kubwa, ambako kila anayekwenda mtaa wa pili hulazimika kuongeza foleni. Usafiri wa mabasi ya mwendokasi ulioanza 2016 kati ya Kimara na Kivukoni humfaa aliye jirani na kituo. Aliye nyuma ya kuta sita bado anaita bodaboda. Makazi mapya yenye geti moja, pamoja na fahari yake yote, yana kasoro hiyohiyo.

Urasimishaji, yaani upimaji wa makazi yaliyojengwa bila mpango, ukifika mtaani kwenu, nendeni mkutanoni wewe na jirani yako kabla bikoni, yaani alama za mipaka ya viwanja, hazijachimbiwa. Watu hugombania upana wa barabara ya gari. Nyinyi ombeni njia ya miguu, hata ya mita mbili, ipite mpakani na itokee upande wa pili.