Mapambo ya mlango au nakshi?

SWALI: Mhakiki mmoja wa sanaa, akiisifu picha ya rangi ya mlango wa Mji Mkongwe, Unguja, ameandika: “Mchoraji amefaulu kuchora mapambo ya mlango.” Je, ni mapambo au nakshi? Picha nimeiambatisha. (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ni nakshi. Neno tumelipata kwa Waarabu, na kwenye mlango maana yake ni kazi ya patasi iliyochimbwa katika mbao yenyewe. Pambo huwekwa likaondolewa, kama maua ya harusi. “Kuchora” sina ugomvi nako. Zamani kulibeba hata maana ya kuchonga.

“Mapambo” ndiyo yanayonichosha. Siku hizi kila kitu ni mapambo, na mhakiki akishaliandika neno hilo huona kazi yake imekwisha, kumbe hajatazama. Mlango ule una vizingiti, cha juu na cha chini, miimo miwili ya pembeni, mbawa mbili zinazofunguka, na katikati mfaa. Misumari ya shaba kwenye mbawa hupigiliwa, haichongwi. Miimo ina nakshi, mara nyingi mnyororo ukingoni na samaki chini. Mapambo ni yapi hapo?

Tazama huo mfaa. Ni mti mrefu uliopigiliwa kwenye ubawa mmoja tu, ukauziba mwanya wa kati ya mbawa na kuulalia ubawa wa pili kwa nje. Kwa kuwa mbawa hufunguka kwa ndani, ule usio na mfaa hutangulia. Ukianza na wenye mfaa, utakwama. Sasa irudie picha yako: mfaa umeungana na kizingiti cha juu, umekuwa nguzo. Mlango huo haufunguki! Anayelijua neno mfaa huliona kosa hilo papo hapo. Mhakiki wetu amelipita.

Hata kivuli mchoraji kakisahau. Nakshi ina kina: mwanga ukitoka kushoto, ukuta wa kushoto wa kila shimo huwa na giza na wa kulia hung’aa. Hapa kingo zote mbili zimepigwa mstari mweusi wa unene uleule, na mwimo umelala bapa kama pindo la kanga.

Sentensi ile iandikwe hivi: “Mchoraji amezifuata nakshi za miimo kwa makini, ila hazina kina, na mfaa ameugandisha kwenye kizingiti.”